Bei za Mzee Shusha

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akimbembeleza muuza nyanya akubali hasara, na wote wawili wanacheka, basi Mzee Shusha hukumjua. Jina lake la kwenye vyeti lilishasahaulika hata na mkewe. Sokoni, ofisini na mtaani alikuwa Shusha, kwa sababu neno hilo lilimtoka mdomoni hata kabla ya salamu. "Shusha kidogo, mama." "Nimeshashusha, mzee." "Shusha tena, hapo bado uko juu ya ngazi." Na mama wa watu, huku akiapa kwamba leo wanawe watalala njaa kwa ajili ya mtu mmoja, alishusha.

Usidhani ni ubahili. Hiyo ilikuwa kazi yake, na mwisho wa mwezi alilipwa mshahara. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa bei katika ofisi ya takwimu, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, kile ambacho dirisha lake halifunguki. Kila mwezi, wiki ya pili, aliingia sokoni na mfuko wa kitambaa, daftari, penseli mbili na mizani ndogo ya kuning'iniza, akanunua vitu ishirini na saba. Ofisini vitu hivyo waliviita kapu la mzee: unga, mchele, maharage, mafuta, chumvi, sukari, sabuni, mkaa, na kadhalika na kadhalika, pamoja na kodi ya chumba kimoja, nauli ya kwenda zahanati na dawa ya presha. Ukijumlisha kapu zima, unapata kiasi ambacho mtu mwenye miaka sitini na mitano au zaidi anakihitaji ili amalize mwezi bila kuomba kwa mtu. Kiasi hicho waliita mstari. Mzee ambaye kipato chake kiko chini ya mstari alipewa posho. Aliye juu, hata kwa sarafu moja, aliandikiwa kwamba anajitosheleza, na habari yake ikaishia hapo.

Sasa tega sikio, maana kosa lenyewe lililala hapa, na lililala usingizi mnono. Kitabu cha maelekezo kilisema: andika bei anayolipa mnunuzi, si bei anayotajiwa. Makarani wengine, wavivu wa kutupwa, walisimama mbele ya meza, wakauliza "Bei gani?", wakaandika walichoambiwa na kwenda zao kunywa chai. Shusha aliwadharau kabisa. "Nani analipa bei ya kwanza?" aliwauliza. "Bei ya kwanza ni hodi tu, bado hujaingia ndani." Yeye alibishana, akakunja uso, akaondoka kwa hasira za kuigiza, akaitwa, akarudi, akashushiwa. Hata hapo hakutosheka. Muuzaji akishapima kilo ya maharage, Shusha alidai nyongeza, konzi moja juu, kisha akautundika mfuko kwenye mizani yake na nyongeza ikiwa humo humo, akagawa bei kwa uzito wote. Bei ikashuka mara ya pili, na muuzaji hana habari.

Ofisini walishangilia. Mkurugenzi wa wakati ule alilinganisha bei za makarani wote, akapiga meza na kusema, "Huyu ndiye pekee anayenunua kama mwananchi." Amri ikatoka kwamba wote wafuate mtindo wa Shusha, na Shusha mwenyewe akatumwa miji mingine kwenda kufundisha namna ya kukunja uso. Alipewa cheti cha usahihi chenye fremu. Alipostaafu, hotuba tatu zilisema kwamba hakuna mtu aliyeijua bei ya kitu kama yeye. Alizisikiliza zote tatu akiwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini moyoni alikubaliana na kila neno.

Hata hivyo, kushusha bei hakukufundishwa na ofisi. Alifundishwa na dada yake. Dada alimzidi miaka minane, na mama yao alipofariki, yeye aliacha shule akaanza kufua nguo za watu ili mdogo wake aendelee kusoma. Jioni alimtuma sokoni na sarafu chache. "Dada, hizi hazitoshi," mtoto alilalama. "Zingetosha ningeenda mwenyewe," Dada alimjibu. "Nakutuma wewe kwa sababu hazitoshi." Akaenda, akabembeleza, akarudi na kila kitu, akasifiwa mpaka masikio yakapata moto. Baadaye Dada akaajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akafua mashuka ya wagonjwa miaka thelathini, akastaafu na pensheni ndogo na vidole ambavyo havinyooki vizuri. Mume alishatangulia, watoto hakujaliwa. Aliishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, nyumba yenye ua mmoja na bomba moja, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwa Shusha.

Kila Jumamosi ya pili Shusha alikwenda kumwona. Alikuta kitambaa cha meza kimepigwa pasi, chai ina sukari ya kutosha, na vipande vinne vya mkate vimepangwa kwenye sahani. "Wewe huli?" "Nimekula sasa hivi, mdogo wangu, tumbo limejaa mpaka naona aibu." Basi Shusha alikula vinne vyote, huku akimsimulia alivyomtoa jasho muuza mchele, na Dada akicheka kwa kujishika mbavu. "Una shida yoyote, Dada?" "Shida gani tena? Nashukuru." Akarudi kwake ameshiba chai na ameshiba amani. Siku hizi akizikumbuka zile Jumamosi, Shusha hutamani kujizaba makofi. Mtu aliyepima uzito wa maharage ya mji mzima hakuona kwamba sahani ilikuwa na vipande vinne tu na mlaji mmoja.

Miaka mitatu baada ya Shusha kustaafu, Dada aliteleza kwenye ua, penye maji ya bomba, akaumia goti. Jirani akampigia simu Shusha. Alipofika alimkuta amekaa kitandani, goti limevimba, na bado anataka kuinuka amwandalie chai. "Kaa chini, Dada, leo mimi ndiye mwenyeji," alisema. "Kadi ya zahanati iko wapi?" Dada akamwonyesha mkoba mweusi uliotundikwa nyuma ya mlango, kisha kama mtu aliyeshtuka akasema, "Lete mkoba wenyewe, nitaitoa mimi." Amechelewa. Mkono wa Shusha ulikuwa umeshatoa kadi, na pamoja na kadi barua nne zilizokunjwa kwa adabu, zina nembo ya posho ya wazee.

Akazifungua. Dada akageuza uso ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya miaka minane iliyopita, na nyingine zilifuatana kila baada ya miaka miwili na kitu. Zote zilisema jambo moja kwa maneno yale yale: ombi lako limekataliwa, kipato chako kinatosha mahitaji ya msingi, unajitosheleza. Ya mwisho ilikuwa na siku tisa tu. Ilisema pensheni yake ni elfu kumi na nane na mia sita, na imezidi mstari kwa mia tatu na arobaini. Chini kabisa, kwa herufi za kuwapa shida wenye miwani, iliandikwa kwamba asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku kumi na nne.

Ungedhani angelia. Aa wapi! Nyani haoni kundule. Shusha aliuangalia ule mstari kama mzazi anayemtambua mwanawe kwenye picha ya shule. Aliujua. Uliwekwa mwaka wake wa mwisho kazini, na tangu hapo ofisi ilikuwa ikiupandisha kidogo kidogo kwa mahesabu tu. Ulikuwa mstari mzuri, umepimwa kwa jasho. Kwa hiyo akamgeukia mwanamke aliyemlea, mwenye goti lililovimba, na kumwuliza kwa sauti ya karani, "Sasa Dada, kama una ziada ya mia tatu na arobaini, hela zinakwenda wapi?"

Dada alivuta shuka mpaka kifuani, akasema, "Hakuna mafuta ndani. Nenda dukani hapo kona, waambie wanipe vijiko vinne. Na sukari kikombe kimoja, sabuni robo kipande, mkaa kopo moja. Waambie ni vya Dada wa mashuka, wananijua."

Vijiko vinne! Shusha alidhani hakusikia vizuri. Alinyanyua mfuko wake, ambao bado hutembea nao na ile mizani kama mwanamke atembeavyo na mkoba wake, akaenda. Duka lilikuwa dirisha tu lenye nondo. Nyuma ya nondo alikaa mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipima mafuta kwa kijiko, akayamimina kwenye kichupa cha dawa, akataja bei. Shusha, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, akasema, "Shusha kidogo."

Mwenye duka akamtazama kwa huruma. "Mzee wangu, mafuta yenyewe vijiko vinne. Nishushe nini? Nipunguze kijiko?"

"Basi niongeze kidogo kwenye sukari."

"Huku hakuna nyongeza. Nyongeza iko sokoni kwenye magunia. Hapa nikiongeza punje mbili nimekula hasara."

Shusha akatoa mizani pale pale dirishani. Akatundika sukari. Akatundika mkaa. Akapiga hesabu nyuma ya daftari, akaifuta, akaipiga tena. Sukari kwa bei ile, kilo moja ilikuwa mara moja na nusu ya bei aliyoiandika yeye ofisini. Mafuta karibu mara mbili. Mkaa wa kopo, Mungu wangu, ulipita mara mbili. "Kwa nini Dada hanunui lita nzima?" akauliza, na sauti ya ukarani imeshaanza kumpotea. "Kilo nzima, gunia dogo la mkaa, si angeokoa hela nyingi?"

"Lita nzima ni hela ya siku nne itoke kwa mpigo mmoja," mwenye duka akasema. "Akishalipa kodi na dawa, hiyo hela ya kutoka kwa mpigo haipo. Anakuja na alichonacho siku hiyo. Sokoni napo ni nauli kwenda na nauli kurudi, na magoti yale hayabebi mzigo. Wazee wote wa mtaa huu wananunua hapa, mzee. Mwenye nyingi ananunua rahisi, mwenye kidogo ananunua ghali. Hujui hilo?"

Hakujua. Mtu mwenye cheti cha usahihi ukutani hakujua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye miaka yote alikipima kitanda kwa futi na kuandika kwamba kinafaa. Aliketi kwenye kreti la soda nje ya duka, akamwomba mwenye duka amtajie bei za vitu vyote vya kapu, kimoja kimoja, kwa vipimo wanavyonunua wazee. Vya dukani akaviandika, vingine, kama kodi na nauli, alivijua kwa kichwa. Jumla ilitoka elfu ishirini na nne na mia mbili. Dada hakuwa na ziada ya mia tatu na arobaini. Kila mwezi, kwa miaka minane, alikuwa amepungukiwa elfu tano na mia sita, na pengo hilo alilijaza kwa kutokula. Na mdogo wake, Jumamosi ya pili, alikuja kumalizia mkate.

Alirudi chumbani, akapika, akamwangalia Dada akila mpaka sahani ikabaki nyeupe. Alitaka kusema. Badala yake akauliza kama goti bado linauma. Woga, wala si kingine. Alijiambia kwamba kwanza akaishughulikie ile barua, kisha ndipo aseme. Zilibaki siku tano za rufaa.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye ile ghorofa ya pili. Mkuu wa kitengo sasa alikuwa mwanamke ambaye Shusha mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akamshika mkono siku ya kwanza sokoni na kumwonyesha jinsi ya kuondoka kwa hasira bila kwenda mbali. Mpaka leo alimwita Mwalimu.

"Karibu, Mwalimu! Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kujishtaki, binti yangu."

Akadhani ni utani, akacheka. Alipoona Shusha hacheki, alifunga mlango. Shusha akamweleza yote, kuanzia nyongeza mpaka vijiko vinne, akamwekea karatasi mezani. Mwanamke yule alisoma safu ya bei ya dirishani, akasoma safu ya bei ya ofisi, akavua miwani.

"Mwalimu, unajua unachokisema? Mstari mzima umesimama juu ya bei zako. Nikiandika kwamba zilikuwa za chini, wataniuliza za mwaka gani. Nitasema za miaka yote. Wataniuliza ni za nani."

"Sema za kwangu. Andika na namba yangu ya utumishi, usije ukaisahau."

"Nami nilizikusanya hivyo hivyo. Sote tulizikusanya hivyo." Alivuta kompyuta, akabofya kwa muda mrefu. "Wazee waliokataliwa kwa kuuzidi mstari kwa kiasi kisichofika robo yake, katika mji huu peke yake, ni elfu tatu na mia moja."

Shusha alikuwa bado amesimama. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Alikuja kwa ajili ya mtu mmoja, akakutana na umati. Alijaribu kuwafikiria, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kichupa chake cha vijiko vinne, akashindwa baada ya watano au sita. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini sikuiba hata senti moja, binti yangu." Mkuu wa kitengo akajibu kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko matusi, "Hakuna anayesema uliiba, Mwalimu."

Rufaa haiendi kwa maneno ya mstaafu mwenye majuto, ilihitaji ushahidi. Mkuu wa kitengo akampa karani mmoja mpya, msichana mnyamavu mwenye mwandiko mzuri, apime bei katika maduka arobaini ya mitaani, kwa vipimo vya wazee. Shusha angeonyesha vichochoro tu. "Na tafadhali sana, Mwalimu," alisema wakati wa kuagana, "mbele ya muuzaji usifungue mdomo."

Hebu fikiria adhabu hiyo! Siku tatu nzima, maduka arobaini, na Shusha amefunga mdomo. Muuzaji anataja bei ya sabuni robo, bei ya kuchekesha, bei ya kumtukana mtu, na yeye anatazama dari. Kwenye duka la kumi na moja ulimi ulimponyoka, akasema "Shu..." na msichana akamtupia jicho, naye akajifanya anafukuza kuku. Kuku mwenyewe hakuwapo. Alijisikia mjinga, na alijua ni haki yake kujisikia hivyo.

Siku ya tatu walipitia sokoni, kuona mtu asiyebishana anauziwa vipi. Muuza maharage, mama mnene aliyetukanana naye kwa mapenzi miaka kumi na mitano, alimwona kwa mbali. "Shusha wangu! Chukua, bei yako ile ile, sina nguvu za kubishana leo."

"Leo sitaki bei yangu," akasema. "Mwuzie huyu binti kama unavyomwuzia bibi wa watu."

Mama akataja bei. Msichana akaandika, akauliza kwa nini imepishana hivyo na ile ya Mzee. Mama akacheka bila ubaya wowote. "Huyu tulikuwa tunampa bei ya kumwondoa. Akisimama hapa nusu saa wateja wengine wanakimbia. Tunampa kwa hasara, aende zake. Hasara tunairudisha kwa wasiobisha, wale bibi na babu wanaoona haya kubishania hela ndogo. Ni biashara, mwanangu, lazima irudi kwa mtu."

Msichana aliyaandika na hayo, neno kwa neno, bila kuagizwa. Shusha alitembea mpaka nyuma ya vibanda, mahali wanapotupa majani ya kabichi, akasimama huko kwa muda. Hakulia, ila machozi yalimlengalenga, na mfuko wa mizani ulimlemea begani.

Siku ya kumi na nne, saa tatu asubuhi, rufaa iliingia ofisini ikiwa na muhuri. Mambo ya serikali hayakimbizwi. Ilichukua miezi minne. Kwa miezi hiyo Shusha alimpelekea Dada mafuta ya lita, sukari ya kilo na gunia dogo la mkaa, akidanganya kwamba amepata kwa bei ya bure. "Wewe na bei zako," Dada alisema, akavipokea. Kila Jumamosi alijiapiza kwamba leo atamwambia, na kila Jumamosi alirudi nalo jambo lake tumboni. Ofisini, wakati huo huo, waliandika upya kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa tisa sasa unasema kwamba karani haruhusiwi kuomba kupunguziwa bei wala kupokea nyongeza, na kwamba kapu la mzee lipimwe pale mzee anaponunua. Mtindo wa Shusha ulifutwa kwa sentensi mbili. Wauzaji waliposikia walicheka wiki nzima.

Barua ya tano ilifika siku ya kazi, na Shusha, aliyekuwa ameomba nakala kwa mkuu wa kitengo, alitembea zile dakika arobaini kwa dakika ishirini na tano. Alimkuta Dada uani, ameketi kwenye kiti kifupi, anachagua mchele. Akamsomea kwa sauti. Mstari umepandishwa. Ombi limekubaliwa. Posho inaanza mwezi ujao. Kisha akasoma na sentensi ya mwisho, ingawa angependa kuiruka: malipo ya miaka iliyopita hayatatolewa.

"Ahsante Mungu," Dada alisema. "Mwezi ujao si mbali." Akachukua barua, akaikunja kwa adabu kama zile nyingine.

Shusha akaona akinyamaza leo atanyamaza mpaka kaburini. Akachuchumaa mbele yake, magoti yakalia. "Dada, kuna jambo. Zile bei zilizokunyima posho miaka yote hiyo, mimi ndiye niliyezipima. Nilizishusha. Nilidhani nafanya kazi nzuri, nikasifiwa, kumbe nakukata wewe na wenzako. Nilikuwa nakuja hapa nakula mkate wako, na sikuona."

Dada hakushtuka. Alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Najua kwamba ulizipima wewe."

"Unajua?"

"Mdogo wangu, miaka yote ulikuja hapa na mizani begani, unanisimulia ulivyomshinda huyu na ulivyomtoa jasho yule. Ningekosaje kujua? Ile barua ya kwanza ilipokuja nilitaka kwenda kubisha. Nilivaa mpaka viatu. Kisha nikajiuliza, nakwenda kubishana na nani? Aliyepima ni mtoto niliyemfundisha mwenyewe, na huyo hakosei bei. Kama yeye kasema zinatosha, basi zinatosha, mimi ndiye nisiyejua kutumia. Nikavua viatu."

Shusha akaketi chini pale pale uani.

"Nikaacha maziwa," Dada akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. "Nikaacha chakula cha usiku. Zikawa bado hazitoshi. Nikaona aibu, nikasema mwanamke mzima, mwenye ziada, anakosa hata nauli! Yule mwenzangu tuliyefua naye mashuka, mwenye kicheko kikubwa, alipolazwa aliniita mara mbili. Huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nikamtumia salamu kwamba naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikaa hapa hapa kwenye kiti hiki siku mbili, mzima kabisa. Siku ya tatu wakaja kuniambia amekufa."

"Nisamehe, Dada."

"Nimekusamehe. Nitakufanya nini, nawe ndiye mtoto wangu?" Alimshika begani kwa vidole vyake visivyonyooka, akakaa hivyo, mchele umesahaulika mapajani. "Lakini angepima mtu mwingine yeyote, mdogo wangu, mimi ningekwenda kubisha."